Mama kaambiwa apange njiti za kiberiti, kaka anasema ni ramli

SWALI

Shikamoo mama. Naomba unisamehe barua itakuwa ndefu, nimeanza kuiandika mara tatu nalia naacha.

Mimi ni mtoto wa tatu kwa mama, tuko Tanga ila sio mjini kati, naishi na mama pamoja na wanangu wawili, kaka yetu mkubwa yuko nyumba ya pili na mkewe, mdogo wangu yuko Dar. Mama cheti cha kuzaliwa hana lakini anasema wakati wa uhuru alikuwa keshaanza kutumwa dukani peke yake, kwahiyo ukipiga hesabu yuko kwenye 70 na kitu.

Hii shida ilianza kama miaka miwili nyuma, kidogo kidogo. Mchuzi anautia chumvi mara mbili, jambo moja anakuuliza mara tano, tukawa tunacheka tunasema mama kazeeka. Alafu ikaja ya pesa. Hela zake za mikeka zikapotea akasema wifi yangu kaiba, akalisema mbele za watu, kumbe tulikuja kuzikuta kwenye pipa la mchele chini kabisa zimefungwa na kipande cha kanga. Wifi alilia sana na mpaka leo hakanyagi kwetu.

Sasa mwezi uliopita saa tisa usiku mama katoka, sijui alifunguaje mlango, kaenda kugonga kwa jirani. Jirani anafungua anamkuta kasimama na kanga moja anamuuliza ngalawa zimeshaingia? Jirani alimrudisha hakusema neno, ila kesho yake pale bombani nikasikia mwenyewe wanawake wanasema yule bibi anawanga. Mama nilihisi miguu inaisha nguvu.

Na kingine ni baba. Baba alikuwa mvuvi, amefariki 2009. Kila jioni mama ananiuliza baba yenu mbona hajarudi? Nikimwambia mama, baba alishafariki, basi analia kama ndio kaletewa habari muda ule, anashika kichwa, hali, analala na njaa. Kesho jioni anauliza tena. Sijui nifanyeje.

Sasa wiki mbili zilizopita walikuja watu wa utafiti wa mambo ya kusahau kwa wazee, wamekuja na mwenyekiti wa mtaa, wana vitambulisho na tableti. Wakamuuliza mama leo siku gani, wakamwambia ataje wanyama wote anaowajua ndani ya dakika moja, akataja ng'ombe, mbuzi, ng'ombe, akanyamaza. Wakamsomea maneno ayashike. Mwisho yule dada akatoa njiti nne za kiberiti, akapanga umbo fulani, akazivuruga, akamwambia bibi na wewe panga kama nilivyopanga. Mama akazishika, akazigeuza, akaziangalia muda mrefu, akazikusanya akaziweka pembeni ya jiko akasema hizi za kuwashia moto. Mimi nikainuka nikaenda uani kulia.

Kaka akaingia wakati uleule, kuona njiti akawaka, anasema mnampigia mama yangu ramli mchana kweupe! Na waliposema watarudi siku nyingine kuchukua damu kidogo ndio akawafukuza kabisa. Sasahivi anataka tumpeleke mama kwa mganga upande wa Pangani, laki tatu na nusu, anasema mama katupiwa jini. Mdogo wangu wa Dar anasema ni uzee tu tumuache. Binamu yetu aliyeko Muscat katuma voisi kwenye grupu la familia kuna sindano mpya Marekani inaponya kabisa tuchange. Mimi nina namba ya yule dada wa utafiti nimeificha. Nimpigie? Au nilimdhalilisha mama kukubali aulizwe maswali ya kitoto?

Dawa anazotumia ni za presha lakini anameza kichwa kikimuuma, na usiku nampa piritoni mbili ili alale asitoke tena. Kinachonichanganya zaidi, ukimpa miaa anasuka ukili wa mikeka vizuri vilevile kama zamani, hakosei hata mahali pamoja. Sasa huyo ni mgonjwa gani?

JIBU

Marahaba mwanangu, pole, na pole tena. Umemuuguza mama peke yako miaka miwili huku watu wazima watatu wanakupa majibu matatu tofauti.

Kabla ya utafiti nataka tuongee jirani, maana hilo halisubiri. Neno "anawanga" ukiliacha pale bombani linakua. Nchi hii wazee wetu wanawake wameuawa kwa neno hilo, Kanda ya Ziwa hasa, kisa macho mekundu tu, macho ambayo yameharibiwa na moshi wa kuni miaka 50. Kwahiyo leo, sio kesho, mchukue kaka yako muende kwa yule jirani mkae chini mumwambie wazi, mama yetu anaumwa ugonjwa wa kusahau, usiku anapoteza mahali na wakati, akija kwako tupigie simu tutakuja kumchukua. Mshukuru kwamba alimrudisha salama. Kisha muende kwa balozi na kwa mwenyekiti mseme hivyohivyo. Aibu iacheni, siri ndio inayompa mtu nafasi ya kujaza maneno yake. Mlango uwekeeni komeo la juu ambalo hana mazoea nalo, ila asifungiwe peke yake ndani hata siku moja.

Sasa njiti. Nimesoma hapo kwenye njiti nikasimama kwanza, maana kaka yako kaogopa kitu ambacho kimetengenezwa kwa heshima ya mtu kama mama yako.

Iko hivi. Kipimo cha kusahau kinachojulikana sana duniani kilitoka Marekani mwaka 1975, kina alama 30, na ndani yake unaambiwa andika sentensi, chora maumbo kwa kufuatisha, anza na 100 uwe unatoa saba saba. Sasa mchukue bibi ambaye hajawahi kushika kalamu, mpe hicho kipimo, atafeli na hana ugonjwa wowote, na mwingine aliyekuwa mwalimu anaweza kufaulu huku ugonjwa umeshaanza. Watafiti waliofanya kazi na wazee wetu waliliona hilo, ndio kikatengenezwa kipimo kinaitwa IDEA, kimejaribiwa wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na pia Nigeria. Badala ya kuchora, mzee anapewa njiti nne za kiberiti, kwasababu kiberiti kila mtu kakishika, hakuna shule hapo. Wanaangalia kama ubongo unaweza kuona umbo, kulishika na kulirudia kwa mikono. Yale maneno aliyosomewa ni kuona kama habari mpya inakaa, na wanyama ni kuona anavyotafuta maneno kichwani. Ramli inatafuta nani kakuroga, hii inatafuta sehemu gani ya ubongo imechoka.

Kwahiyo hukumdhalilisha. Na alichosema mama, kwamba njiti ni za kuwashia moto, hajasema ujinga, kasema kweli, isipokuwa kazi aliyopewa dakika moja nyuma ilikuwa imeshamtoka.

Hapohapo Hai ndio tulipopata picha ya ukubwa wa jambo hili kwetu. Utafiti uliofanyika miaka ya 2009 na 2010 waliwafuata wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, kijiji kwa kijiji, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana demensia, yaani huu ugonjwa wa kusahau. Waliporudia karibu miaka kumi baadaye, kwa umri uleule, ilikuwa karibu 9 katika kila 100. Mwambie mdogo wako wa Dar ahesabu vizuri hapo. Ingekuwa ni uzee tu basi wote 100 wangekuwa nayo. Uzee unasahau funguo umeweka wapi, alafu unazikumbuka ukiwa unakunywa chai. Mtu anayesahau kuwa mumewe amekufa na akadhani mlango wa jirani ni pwani, huyo anaumwa.

Na kaka umwambie habari ya mama mmoja wa Ujerumani, Auguste Deter. Mwaka 1901 aliletwa hospitali mji wa Frankfurt, ana miaka 51 tu, mumewe kashindwa naye, anahamisha vitu ndani ya nyumba anavificha, anamtuhumu mume. Daktari aliyempokea alikuwa anaitwa Alois Alzheimer. Yule mama alipofariki 1906 daktari akauangalia ubongo wake kwa hadubini akakuta umenyauka, kati ya seli kuna uchafu umegandana na ndani ya seli kuna nyuzi zimejisokota. Ndio ugonjwa ukaitwa jina la huyo daktari, Alzheimer. Vitu kufichwa, mtu wa nyumbani kuitwa mwizi, ni yaleyale ya pipa la mchele na wifi yako. Hakuna aliyemtupia jini kule Frankfurt. Wifi naye asomewe hii barua tafadhali, ajue mama hakumchukia, mama alikuta hela haipo mahali anapodhani kaiweka na akili ikatafuta sababu ya karibu, na wa karibu alikuwa yeye.

Kuhusu mganga, mama asomewe dua nyumbani kama ni mtu wa dua, hiyo ni jema na inamtuliza, haigombani na daktari. Ila hiyo laki tatu na nusu msiipeleke Pangani.

Sasa sikiliza hapa vizuri maana hapa ndio naogopa zaidi. Utafiti sio matibabu. Usikae unasubiri watafiti warudi, mama anatakiwa hospitali kwanza. Zipo sababu za kusahau ambazo zinatibika na mtu akarudi, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, sonona, sukari, kaswende ya zamani, virusi vya ukimwi, hata mzee kuanguka akajigonga kidogo mkamuona mzima kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu wiki kadhaa. Masikio nayo, angalieni kama anasikia vizuri maana asiyesikia anaonekana hakumbuki. Na ikitokea siku moja amebadilika ghafla, jana alikuwa hivi leo haeleweki kabisa, hapo ni hospitali siku hiyohiyo, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au malaria.

Alafu piritoni mwanangu. Najua umefanya kwa mapenzi na kwa kuchoka, lakini ile dawa kwa mzee inavuruga akili zaidi, inazuia kemikali ileile ambayo ubongo wake unaihitaji kukumbuka, asubuhi anaamka kachanganyikiwa kuliko alivyolala na anaweza kuanguka akienda chooni. Mwambie daktari umekuwa unampa, usifiche, na usimpe tena mpaka umsikie yeye anasemaje. Na ya presha inamezwa kila siku kama alivyoandika daktari, kichwa kiume kisiume. Presha isiyoshikwa inaziba na kupasua mishipa midogo ya ubongo taratibu, na hiyo peke yake inaleta demensia, inaweza hata kuungana na ya Alzheimer kwa mtu mmoja.

Turudi kwa yule dada wa utafiti. Mpigie. Ila muulize maswali, na kaka awepo, maana wasiwasi wake wa damu ni halali, kakosea kufukuza tu. Ulizeni wana kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, au hawana. Damu inaenda maabara ipi, itatunzwa muda gani, majibu yatarudi kwa mama au yatabaki kwao, na wakimkuta na shida watampa rufaa ya wapi. Fomu isomwe yote kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti, kama ni dole gumba basi na shahidi akiwepo. Na ukisikia mtu anataka pesa ili mama aingie kwenye utafiti, huyo mwambie asirudi. Damu inatakiwa kwasababu ule uchafu wa kwenye ubongo siku hizi unaweza kuacha alama kwenye damu, Mei 2025 Marekani wameruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha namna hiyo, na vipimo hivi vingi vimejaribiwa kwa wazungu. Tusipokuwemo sisi, kesho kipimo kitaletwa hapa na hakuna atakayejua kama kinasema kweli kwa bibi wa Tanga.

Lakini mwenye damu ni mama. Mwelezeni kwa maneno mafupi, hata kama atasahau baadae. Siku hiyo akigeuza uso au akavuta mkono, hiyo ni hapana, na anaruhusiwa kujitoa hata katikati. Na akiulizwa maswali wewe kaa pembeni yake mshike mkono lakini usimjibie. Najua itakuuma. Mimi nilikaa na mamkubwa wangu hivyohivyo, kaulizwa mwezi gani huu, nikauma ulimi mpaka nikaonja damu.

Ya sindano ya Marekani nitapita haraka. Zipo, lecanemab iliruhusiwa 2023 na donanemab 2024, zinaanza kwa dripu kila wiki mbili au kila mwezi, sio sindano moja. Haziponyi. Zinapunguza kasi ya ugonjwa kiasi, kwa wale ambao ndio wanaanza na wamethibitishwa kwa vipimo, na zinaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake ndio maana mtu anapigwa picha za MRI mara kwa mara. Mshukuruni binamu kwa kuwajali, na mchango wenu ulipe mtu wa kukupokea wewe siku mbili kwa wiki, ulale.

Mnachoweza kufanya nyumbani kiko mikononi mwa mama mwenyewe. Umeuliza ni mgonjwa gani anasuka ukili bila kukosea. Ni kwamba mambo mapya na matukio yanahifadhiwa sehemu moja ya ubongo ambayo ugonjwa huu huanza kuila, lakini kazi ambayo mikono imeifanya miaka 60 imehifadhiwa sehemu nyingine, hiyo inachelewa sana kuguswa. Kule Hai walijaribu tiba isiyo na kidonge, imeanzia Uingereza wakaigeuza iendane na maisha ya huku. Wazee 34 wenye demensia wakawa wanakutana kwa vikundi, vikao 14 ndani ya wiki 7, wanaongea mambo wanayoyajua na kufanya vitu pamoja, wakapata nafuu ya kumbukumbu na ya wasiwasi, hata mzigo wa wanaowauguza ulishuka kidogo. Huna kikundi, lakini una watoto wawili na una miaa. Jioni wakae na bibi awafundishe kuanza ukili, asahihishe makosa yao. Saa hiyo yeye ndio anajua na wao hawajui.

Na ifanyeni saa ileile anayoanza kumuuliza baba. Mwanangu usimpe tena msiba kila jioni. Hana mahali pa kuuweka, unampa leo kesho hana, lakini maumivu anayapata yote mapya. Akiuliza baba yenu hajarudi, muulize wewe, mama, baba alikuwa anapenda umpikie nini akitoka baharini? Atakwambia. Muulize ngalawa yake ilikuwa na rangi gani, nani alikuwa anaenda naye. Sio uongo huo, unamfuata pale alipo. Na ukisikia anaeleza vizuri mchukue sauti kwenye simu, wanao watataka kuisikia siku moja.

Jumatatu nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, ombeni dirisha la wazee. Beba dawa zote alizonazo kwenye mfuko mmoja, piritoni ikiwemo, na kikaratasi ulichoandika lini ilianza chumvi, lini hela, lini mlango wa jirani. Kaka aje, na ikiwezekana wifi naye aje. Na umbebee miaa yake, foleni pale ni ndefu.